Jina la Marehemu kwa Herufi za Kampeni

Maxine, nimechoka. Nimetoka mazishini Githongo saa hii na sitaki kuona kompyuta tena.

Unajua ile fonti yangu ya mabango ya kampeni? Ile nene, imelalia mbele, herufi zina miguu mipana kama zimevaa gambuti. Nilifungua kazi ya mwanasiasa nikaandika programu ya mazishi juu yake, vile sisi hufanya tukiwa na haraka. Fonti nikasahau kubadilisha.

Jina la marehemu, CIAKUTHII, ukurasa wa kwanza, kwa programu zote.

Binti yake Joyline akanishika mkono mbele ya watu. "Mama yangu anawania kiti gani?"

Kiti gani, Maxine. Na pasta amesimama hapo.

Nikaomba msamaha, nikaanza kukusanya programu. Mzee Kaimenyi, bwana wa marehemu, akakataa kuachilia yake. Akapitisha kidole kwa hilo jina, polepole.

"Wachana nayo," akasema. "Hivi ndivyo alikuwa akipanda huu mlima na kuni mgongoni. Ameinama, na hatelezi."

Nikaacha kuzikusanya.

Sasa mzee anataka herufi hizo hizo kwa msalaba wa kaburi.