Mutalala, Wapi?

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nimeteremka polepole, ngazi za udongo zinateleza. Alhamisi ni siku ya Machozi. Ndilo jina la mwimbaji wetu, alilopewa na mama yake, si la jukwaani. Tunakutana kwenye nganda ya maman Nsimire, baa yake ndogo, mchana, kabla walevi hawajaja. Watu wachache, wote tuna magoti mabovu. Désiré analeta spika. Zamani alikuwa mtangazaji wa redio na bado anaongea kana kwamba mji wote unamsikiliza.

Leo tulisikiliza albamu ya kwanza yote. Gitaa moja, na kile kikohozi alichokiacha katikati ya wimbo wa tatu. Nakipenda kikohozi kile. Ya pili waliiharibu kwa kinanda. Désiré anaitetea, hana masikio. Ya tatu ndiyo yangu. Kitanda cha Kuazima. Sauti imeshuka, imekwaruzika, haitafuti tena kupendeza.

Wimbo wake wa mwisho ndio unaonitoa kitandani. "Mutalala, wapi?" Mutalala ni kijiji changu. Nyuma ya Bunyakiri, ndani ya msitu. Hakimo katika ramani yoyote niliyofungua, nami nimefungua nyingi. Tulikimbia wakati wa vita vya kwanza vya huku kwetu. Ndugu zangu, hata mtoto wetu, wamekwisha mmoja mmoja. Nikifa, hakuna atakayelitaja jina lile isipokuwa mwanamke huyu. Analiita, kisha anauliza kiko wapi. Kwenye kiitikio sisi sote huacha pengo baada ya jina. Tunavuta pumzi. Halafu: wapi?

Jumatatu, 6 Oktoba

Anakuja! Machozi anakuja Bukavu. Jumamosi ya tarehe 18, kwenye salle ya parokia, ule ukumbi mkubwa, saa nane mchana ili watu warudi nyumbani na mwanga. Nimeona bango mwenyewe pale Nyawera. Picha ya zamani.

Nilimwona mara moja tu, miaka mingi iliyopita. Alivua viatu, akageukia ukuta, akaimba wimbo mzima akitupa mgongo. Hakuna aliyekohoa. Siku hiyo alikuwa hajautunga wimbo wangu.

Nitamsubiri mlangoni. Nitamwuliza swali moja: nani alimtajia Mutalala? Lazima kuna mtu. Labda mama yake alizaliwa kule. Labda kuna wengine, wako Goma, wako kambini, wanakumbuka kijito na shule ya mabati matatu. Sijatamani kitu namna hii tangu mke wangu afariki.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya.

Niliwaambia kuhusu swali langu. Désiré akaanza kufuta spika ambayo haikuwa na vumbi. Maman Nsimire akamkanya: "We Désiré, achana na ile kitu." Hakuachana nayo. Mtangazaji hawezi. Anayo, kwenye simu, mahojiano ya zamani ya redio. Akayafungulia.

Machozi mwenyewe, akiongea taratibu. Ni mutoto wa Sange, anasema, si wa msituni. Usiku waliokimbia, mama yake alisimama njiani na watoto wote, mvua inanyesha, akawauliza: "Mutalala wapi?" Basi. Wimbo ni huo.

Mtalala wapi. Nyinyi watoto, mtalala wapi usiku huu?

Mimi niliyefundisha sarufi maisha yangu yote. Pwani wangesema mtalala, nami nisingekosea. Huku tunasema mutalala, kila siku, kila mtu. Nimewauliza wageni wangu mwenyewe swali hilo, kwa maneno hayohayo, na sikusikia.

Nikawauliza kama walijua. Maman Nsimire ndiye aliyejibu. "Tulijuaka, Prof. Siku mingi. Lakini ulikuwa unaimba na roho yote. Nani angekukatiza?"

Kwa hiyo lile pengo lilikuwa langu. Walijifunza kwangu. Waliniachia kama unavyomwachia mgonjwa mahali karibu na dirisha.

Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sijatoka.

Nimejaribu kusikiliza ile albamu. Sikuweza kufika mwisho.

Kijiji changu hakimo katika wimbo wowote. Hakijawahi kuwemo. Miaka yote hii nilikuwa nalia ndani ya nganda kwa ajili ya kitenzi.

Jumanne, 14 Oktoba

Désiré alikuja mpaka mlangoni. Akasema bila mimi hawajui kugombana. Akasema hata albamu ya pili iko mbaya, anakubali. Sikumfungulia, akaenda zake. Anajua nilikuwemo, nilikuwa nimewasha redio.

Najiuliza ninachoomboleza ni nini. Kijiji nilikipoteza zamani, na watu wake. Nilidhani nimemaliza. Lakini mtu akijua kwamba mwingine pia analishika jina, mkono wake hulegea. Nilikuwa nimelegeza mkono. Sasa nimerudi kulishika peke yangu, na mimi ni mzee, nasahau. Jana nilitafuta jina la mwanamke aliyekuwa anauza chumvi karibu na shule yetu. Nilijua uso wake, kilemba chake, jino lake la dhahabu. Jina hakuna. Nilikaa nalo mpaka giza. Hakuna mtu wa kumwuliza, dunia nzima.

Hilo ndilo linaloniua. Si wimbo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sitaenda kesho. Nimeamua.

Jioni maman Nsimire ametuma chakula, sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na bugali, pamoja na yeye mwenyewe nyuma ya sahani. Alikaa kwenye kiti changu cha kusomea. Nikamwuliza, kwa adabu tu, kama mwimbaji ameshafika na boti ya Goma. "Boti? Wapi! Ziwa limechafuka." Halafu akasikia alichosema, akashika mdomo. Wapi! Hata neno hilo moja sasa linatusumbua. Tulicheka. Nilicheka kwa uchungu, lakini nilicheka.

Alipokuwa anaondoka akasema, "Kesho tunakupitia. Vaa ile koti ya enseignement, ile ya kufundishia. Tusikuone na pajama."

Kama boti haitavuka, hakutakuwa na kitu. Nusu yangu inaomba isivuke.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ilivuka. Nilivaa koti.

Salle imejaa vijana. Sikutegemea. Wanajua nyimbo zote, mpaka kikohozi: walikohoa pamoja naye katikati ya wimbo wa tatu, akacheka. Amezeeka. Amenenepa, anaimba ameketi, viatu amevivua kama zamani. Sauti karibu yote imekwisha, na kilichobaki ni kizuri kuliko sauti. Umeme ulikatika upesi. Akaweka maikrofoni chini, akaendelea, na watu wakaacha hata kupepea karatasi.

Ule wimbo aliuweka mwisho. Nilitaka kutoka. Désiré alikuwa amekaa upande wa njia, hakusogeza miguu. Kwa makusudi, yule.

Kiitikio kikafika. Yeye na salle nzima wakaimba moja kwa moja: mutalala wapi. Lakini safu yetu, vizee vyote vya Alhamisi, waliimba jina, wakakoma. Wakavuta pumzi. Halafu wapi? Tulibaki nyuma ya watu wote, wazi kabisa, kama viziwi kwenye misa. Vijana waligeuka. Nilitamani sakafu inifunike. Mara ya pili walifanya tena, kwa sauti zaidi. Maman Nsimire alikuwa analia na kuimba.

Machozi akanyamazisha gitaa kwa kiganja.

"Ba papa na ba maman," akasema, "kwa nini munakata pale?"

Désiré akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea kwa kifupi. "Mutalala iko kijiji ya uyu muzee. Haiko tena."

Machozi hakusema pole. Nashukuru. Alirudi kwenye gitaa, akaimba kiitikio kile peke yake. Mutalala. Akaacha pengo, refu kuliko letu. Akainua uso, akanitazama mimi, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: wapi?

Sijui nilisimamaje. Nikamjibu. Nikasema unatoka Bunyakiri, unafuata barabara ya Hombo, unaiacha kwenye daraja la miti, unapanda na kijito upande wa kushoto mpaka uone mabati matatu. Nikasema hapo palikuwa shule. Nikasema nyuma ya shule mama Nabulizi alikuwa anauza chumvi.

Nabulizi! Jina lilitoka lenyewe.

Sikumngojea Machozi mlangoni. Sikuwa tena na swali.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mawingu, bila mvua. Sikuteremka kwenye nganda leo. Sijakasirika na mtu. Nimewatumia habari wasinigojee. Nilitaka kuusikiliza ule wimbo nikiwa peke yangu.

Kwenye albamu hakuna pengo. Nimeurudia mara kadhaa, sikio karibu na spika yangu ndogo. Hapumui pale. Ni mama anawauliza watoto, na swali lina haraka, mvua inanyesha. Sasa nasikia vizuri.

Nikakumbuka usiku wetu. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto, mimi nimebeba vitabu, ujinga gani. Kwenye lile daraja la miti tulimkuta mwanamke tusiyemjua, naye anakimbia. Alitupita, akageuka, akatuuliza swali hilohilo, kwa maneno hayohayo. Hatukumjibu. Tulizidi kukimbia.

Nikazima spika. Nje, mtu anapigilia bati. Kitanda changu, kiti, rafu ya vitabu, koti kwenye msumari. Dirisha linaloonyesha kipande cha ziwa.

Hapa, maman wa darajani. Tulilala hapa.