Sauti Iliyoita Mara Moja

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Barua yako imenikuta mzima hapa Likoni, alhamdulillahi, ila goti lanisumbua. Dadako amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Wauliza kwa nini ukiniita siitiki mpaka uniite tena. Ulidhani sisikii.

Bibi yangu aliyenilea alishika hesabu za ghala la mbata za nazi nyuma ya nyumba yetu, tangu ujana wake mpaka macho yalipomchoka. Kila hesabu aliifanya mara mbili. Hata mimi aliniita hivyo: "Mwanaisha," akatulia, "Mwanaisha." Akisema, "Wito wa kwanza waweza kuwa wa yeyote, hata asiye mtu. Ngoja wa pili."

Alifariki uhuru ukikaribia. Hitma yake ilipokwisha, adhuhuri moja nilikuwa uani na mama, nakuna nazi. Sauti ikaniita kutoka ghalani: "Mwanaisha." Ilikuwa yake kabisa, pamoja na kile kikohozi chake kidogo. Ghala lilikuwa limefungwa, na ufunguo mama aliufunga penye pindo la leso yake.

Nikafungua kinywa niitike abee. Mama akanishika mkono.

"Ngoja."

Tukangoja mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia. Wito wa pili haukuja.

"Si yeye," mama akasema, machozi yakimtoka. "Mama hangekuita mara moja."

Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Nami umri umekwenda. Siku ukinisikia nakuita, na umeshaambiwa sipo tena, usifanye haraka kuitika. Mimi nitakuita mara mbili.

Bibi yako,
Mwanaisha