Wifi Ana Mimba, Mama Mkwe Hataki Niseme

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie na neno lililonikaa kooni. Mimi ni msusi, nina mume mpole na binti anayenichekesha kutwa, yaani maisha yangu ni mazuri, ila binti huyo alipokuwa mchanga alitapika mfululizo akanyauka mpaka macho yakaingia ndani, tukakimbia naye hospitali, daktari akagundua kwamba tezi zake zilizo juu ya figo hazitengenezi homoni zinazotakiwa, chumvi inamtoka mwilini, akaanzishiwa vidonge, na leo anaruka kamba saluni kwangu mpaka wateja wanasahau kulalamika kwamba nawavuta nywele. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi, mimi na mume wangu kila mmoja amebeba kasoro hiyo bila kuumwa, mtoto akaichukua kwa wote wawili. Mama mkwe aliposikia akasema, "Kwetu hakuna kitu hicho." Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, ana mimba kubwa, na juzi nikimsuka mama mkwe nikamgusia kwamba tumwambie wifi, akanishika mkono nikiwa na kitana, akasema polepole, "Wa kwangu wa kwanza alitapika hivyo hivyo mpaka tukamzika. Walisema nilimnyonyesha vibaya. Usimtie binti yangu hofu." Nimechanganyikiwa, mama huyu ananipenda kweli, nikisema nitamuumiza, nikinyamaza je?

Msusi

MAJIBU

Mwanangu Msusi, pole, na hongera kwa huyo mruka kamba. Sasa nikukaripie: unamlinda nani kwa kunyamaza? Kichanga kinaweza kupotea huku nyinyi watu wazima mnaoneana haya! Wifi yako huenda amebeba kasoro hiyo, huenda hana. Na hata akiwa nayo, mtoto hataugua isipokuwa baba yake naye awe nayo. Hapo pana hofu gani? Nenda na mume wako, dada ni wake. Wifi aeleze kliniki mapema, mtoto apimwe akizaliwa, na akitapika au kukataa kunyonya wasingoje kupambazuke. Vidonge vya binti yako navyo visikatizwe hata siku moja, na muulize daktari mapema cha kufanya akipata homa.

Ila anza na mama mkwe. Unamwona mkaidi, mimi namwona mama aliyesingiziwa kifo cha mwanawe. Mwambie wazi: "Mama, hukukosea kumnyonyesha." Mwambie leo.

Msusi alituandikia tena baadaye: "Nilimwambia mama, akasema, 'Twende wote.' Yeye mwenyewe ndiye aliyemweleza wifi. Mtoto amezaliwa, amepimwa, ni mzima. Siku tulipokwenda kumwona hospitalini, mama alitutajia jina la yule mwanawe, ambalo hata mume wangu hakuwahi kulisikia. Mume wangu akauliza, 'Alifanana na nani?' Mama akamtazama, akasema, 'Na wewe. Masikio yaleyale makubwa.' Tulicheka mpaka nesi akatufukuza."