Mwenyeji Aliyetangulia

Malaba, Jumapili ya pili ya Agosti
Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Wundanyi

Mdogo wangu Mghoi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu na goti lako limepoa. Je, ile baridi ya asubuhi imepungua huko mlimani? Mimi ni mzima. Macho yananisumbua jioni tu, kwa hiyo nasoma mchana.

Umeniuliza mara mbili kwa nini nyumba hii haijauzwa na ni lini utanipokea. Pia umeniambia kwamba binti yako Wakesho ameanza kazi ya kuuza nyumba za watu huko Voi, na kwamba huwapeleka wateja kuziona akiwa peke yake. Kwa ajili yake nitaeleza yaliyonipata bila kuficha, ingawa yananiaibisha.

Nilikuwa nimeandika kwa rangi kwenye geti kwamba nyumba inauzwa, pamoja na namba yangu ya simu. Mtu mmoja akanipigia, akasema ana malori mawili na anatafuta nyumba ya familia. Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi pamoja na mwenzake, ambaye alisema ni fundi wa kukagua paa. Walivaa vizuri, wakaniita mzee kila walipofungua kinywa. Nami niliwapokea kama tulivyolelewa: viti, chai, habari za safari. Kisha nikawatembeza. Unajua mama alivyotufundisha, mgeni hatangulizwi ndani ya nyumba asiyoijua. Mwenyeji huenda mbele, hufungua milango, hukaribisha. Nikafanya hivyo chumba kwa chumba.

Chumba cha mwisho ni stoo. Zamani tuliweka mahindi humo, ndiyo maana komeo liko nje. Siku hizi ni cha vitabu vyangu. Niliingia ili niwaonyeshe dirisha, na mlango ukafungwa nyuma yangu.

"Pumzika kidogo, mzee," alisema yule fundi, kwa sauti ya upole kabisa. Nikasikia komeo likiingia.

Nilipiga kelele, lakini foleni ya malori ya kwenda mpakani ilikuwa imefika mbele ya nyumba, na injini zao zilinishinda. Nikakaa juu ya sanduku la vitabu. Walichukua simu, redio, mtungi wa gesi na cherehani ya marehemu mke wangu. Hati ya nyumba waliikosa, si kwa akili yangu bali kwa sababu iko kwa wakili Busia mjini.

Aliyenitoa ni Mama Ekisa, jirani anayeuza matoke kando ya barabara. Kila siku saa tano mimi huenda kwenye kibanda chake kumsomea gazeti. Ilipofika saa sita hajaniona, aliacha wateja wamesimama, na ilikuwa siku ya soko, akaja.

"Mzee wa vitabu! Nani amekufungia kama kuku?"

"Wanunuzi."

"Wanunuzi! Na wewe ulienda mbele yao?"

"Mwenyeji hutangulia, mama."

"Anatangulia kama ni mgeni. Hao ulijulia wapi? Mimi mtu akitaka kuona ndizi ya nyuma, anaingia yeye. Mimi nabaki na mlango. Umesoma vitabu yote hii na hiyo hakuna?"

Nilitoka stoo, nikaenda kutazama mahali cherehani ilipokuwa.

Wiki iliyofuata walikuja wengine, mwalimu wa Amagoro na mkewe. Safari hii mambo yaliendeshwa na Mama Ekisa. Niliwaambia tukutane kwanza kwenye kibanda chake, mbele ya watu. Akaomba vitambulisho vyao, akavipiga picha, akamtumia kaka yake, mwendesha boda boda wa Kocholia.

"Mama, hii ni nyumba ama ni eapoti?" mwalimu akauliza huku akicheka.

"Ni nyumba, mwalimu. Eapoti haina mimi."

Simu mpya nilikuwa nayo mkononi. Dawa zangu na funguo za akiba tulikuwa tumezihamishia kwake. Wageni walitangulia kila chumba, mimi nikawa nyuma, upande wa mlango, nikisema tu, "Kulia ni jikoni." Mama Ekisa alikaa kizingitini akimenya matoke. Hakuna aliyekasirika. Mke wa mwalimu alisema angependa na yeye ajue kufanya hivyo. Mwambie Wakesho afanye vivyo hivyo, na asione haya. Kama hana mtu wa kukaa kizingitini, asiende.

Mwalimu aliipenda nyumba. Bei yake ni ya haki, na anangoja jibu langu kesho.

Tangu siku ile nimejiuliza jambo moja. Nikifungiwa chumbani huko Wundanyi, ni nani atakayejua ikifika saa sita? Wewe unashinda dukani hadi jioni. Wanao wako Voi na Mombasa. Waliozijua saa zangu huko wamekwisha kuzikwa. Sikulaumu, dada, mambo ndivyo yalivyo. Hapa nilikosekana saa moja tu, na mtu akaacha biashara yake.

Msalimie mumeo, shemeji yangu, na shangazi yetu wa Mgange kama bado anasikia. Yule mpwa anayesomea ualimu mwambie nitamtumia vitabu, kwa kuwa sasa najua vingine vitabaki hapa nami. Chumba ulichonitengenezea mpe Wakesho anapokuja kukutazama.

Jana nilipaka geti rangi upya, nikafuta yale maandishi. Kesho nitampigia mwalimu simu nimwombe radhi. Sitarudi, Mghoi.

Kaka yako,
Mwakio