Sponji Chafu la Athol

Jumamosi, 12 Januari

Mkutano wa chama cha samaki. Joto la kuchemsha ubongo, na feni ya ukumbi wa skauti imekufa tena. Kila mtu alikuja na sahani yake ya chakula, kama desturi. Athol Brigg alileta soseji baridi ndani ya boksi lilelile anamobebea minyoo ya samaki wake. Na watu wakala! Mimi nilikula keki yangu mwenyewe.

Kisha zamu yake ya kuzungumza. Mada: kusafisha chujio bila dawa kali. Athol! Mtu ambaye ukitazama akwaria yake huoni upande wa pili. Akanyanyua sponji la chujio lake, jeusi, linadondosha tope kwenye meza ya watu. Msilioshe kwa sabuni, akasema, wala kwa jiki, na hata maji ya bomba msiyaguse, yana klorini. Chota maji ya akwaria yenyewe kwenye ndoo, likamue humo mara mbili tatu, lirudishe. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Ukiwaua hao, samaki wanakufa kwa mkojo wao wenyewe.

Habari za bakteria nilizijua kabla Athol hajajua kuvaa viatu. Na hajajua bado — alikuja na ndala. Lakini kuosha uchafu kwa maji machafu? Nikasimama. Nikasema mimi naosha kwa maji ya mvua kutoka tangi la nyuma ya nyumba yangu, maji ambayo hayajaguswa na dawa ya mtu yeyote, yameshuka moja kwa moja kutoka mbinguni.

"Yakapitia kwenye bati lako, Merle," akasema Athol, "wanapojisaidia popo."

Ukumbi mzima ukacheka. Wajinga wakubwa.

Wakati wa chai akanijia na ombi lake lilelile la kila mkutano. Nimgawie samaki wangu wa Kijito cha Gannet. "Sita tu, Merle. Umeme ukikatika kwako siku moja, basi, kijito kizima kimekwisha." Nikamwambia samaki wa mume wangu Lindsay hawajazaliwa kuishi kwenye supu.

Akaondoka na soseji zake.

Jumapili, 13 Januari

Bado nina hasira na ile "kijito kizima kimekwisha". Kana kwamba sijui! Nilikuwa nimeshika tochi mwenyewe wakati mume wangu yuko ndani ya Kijito cha Gannet, maji ya kiunoni, na wavu wake, wiki moja kabla ya matingatinga kukifukia. Sasa pale ni nyumba za tofali na uwanja wa kuegesha magari. Samaki wale wenye mstari wa zambarau hawako popote tena ila sebuleni kwangu. Ndiyo maana simgawii mtu. Nimeshaingia nyumba za wanachama wote. Hakuna hata mmoja anayejua kusafisha.

Jumanne, 15 Januari

Trudy amekuja kutoka Brisbane kukaa nami wiki moja. Binti yangu mzuri, ila amekuja na mumewe. Darcy ni mtu asiyeweza kukaa kitako. Saa moja haijapita, ameshatengeneza geti ambalo halikuwa bovu. Sasa halifungi. Baadaye nikamwona juu ya ngazi anachungulia tangi la mvua. Nikamuuliza anatafuta nini. "Natazama tu, mama." Watu wa Brisbane! Tangi la mvua kwao ni maajabu.

Alhamisi, 17 Januari

Leo nimesafisha chujio. Nimeosha sponji na vile vipete vya kauri vya ndani ya chujio chini ya bomba la tangi la mvua, hadi maji yakatoka meupe. Sponji limekuwa jipya! Nilitamani Athol angekuwepo alione, afe kwa wivu. Maji ya kwenye akwaria nitayabadilisha Jumapili.

Uani kunanuka klorini. Jirani na bwawa lake la kuogelea — anamwaga dawa utadhani anaogesha maiti humo. Chai ya jioni nayo ilikuwa na ladha ya hospitali. Trudy amenunua majani ya bei rahisi, nimemwambia.

Jumamosi, 19 Januari

Samaki hawajala. Hata minyoo hawakuitaka. Nimemwambia Darcy aache kupuliza dawa ya mbu sebuleni. Anasema hajapuliza. Basi ni manukato ya Trudy. Nyumba hii ilikuwa salama kabla haijavamiwa.

Jumapili, 20 Januari

Asubuhi nimewakuta wote juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Mashavu mekundu. Wawili chini, wamekufa.

Nilichukua ndoo nikakimbilia tangi la mvua. Kubadilisha maji, hicho ndicho cha kufanya, haraka, mengi. Nikajaza. Narudi nayo mbio, Darcy yuko kwenye veranda anatafuna mkate wa kuchoma. Akaniambia kwa upole kabisa:

"Mimina tu, mama, usiwe na wasiwasi. Hayo sasa ni salama. Nimeyatia klorini."

Nikasimama. Maji yakanimwagikia miguuni.

Jumatano, anasema. Aliona chura amekufa ndani ya tangi, akaona aibu kunisumbua, akaomba kopo la klorini kwa jirani. Kopo zima! Alitaka kunifanyia jambo zuri kimyakimya. Nikainusa ile ndoo. Harufu ya bwawa la jirani. Haikuwa ya jirani.

Nilimwita Darcy majina ambayo siyaandiki hapa. Trudy akalia. Halafu huyo mpumbavu, akiwa bado ameshika mkate wake, akauliza kama anauliza njia ya kwenda posta: kwani hayo maji ya kwenye akwaria yenyewe yana ubaya gani, mbona hukuosha kwa hayo?

Nilikwenda nikalishika lile sponji langu safi. Safi kabisa. Hakuna kitu hai ndani yake.

Trudy ndiye aliyempigia Athol. Mimi nisingempigia — ndiyo, naandika hivyo, nisingempigia, na samaki wangekufa mbele yangu nikiwa nimeikunjia simu mikono. Akaniwekea simu sikioni. Nikaeleza. Nilingoja acheke.

"Maji ya akwaria yako sasa ni sumu, yaache," akasema Athol. "Beba samaki. Njoo sasa hivi, Merle, usipake hata rangi ya mdomo."

Jumapili hiyohiyo, mchana

Naandika nyumbani kwa Athol, kwenye karatasi ya programu ya chama. Nitaibandika baadaye. Mikono lazima ifanye kitu.

Njiani amekufa mwingine. Trudy aliendesha gari, mimi nilikumbatia ndoo.

Veranda yake ni jalala. Matairi, nyavu, sinki bila bomba. Na nyuma ya matairi, akwaria moja kubwa, haina samaki. Ina konokono tu, na majani makavu, na maji ya rangi ya chai. Kwenye kona, sponji jeusi linatoa mapovu polepole. Nikamuuliza kwa nini anawasha chujio kwenye akwaria tupu. Akasema bakteria lazima wapate riziki, konokono wanawalisha. Nikasema sikuuliza hilo. Akajikuna shingo.

"Si nilikuwa nasubiri wale sita."

Tangu lini, sikuuliza. Utepe uliobandikwa kwenye kioo umegeuka njano. GANNET, umeandikwa hivyo, kwa herufi zake mbaya. Kwenye chama chetu kila akwaria hubandikwa utepe: juu jina la kijito, chini jina la mwenye samaki. Chini pako wazi.

Tumewaingiza mmoja mmoja, kwa kikombe. Wamezama kwenye ule weusi na sasa simwoni hata mmoja. Sijui wangapi wako hai. Nimekalia ndoo, pua karibu iguse kioo, natafuta mstari wa zambarau. Maji haya ni machafu kupindukia. Nimemwambia hivyo. Akasema anajua, akaniletea soseji baridi kwenye kisahani. Nimeila. Sikuuliza imetoka boksi gani.

Kuna kitu kimepita nyuma ya jani! Au ni konokono.

Nina aibu. Nina hasira na Darcy, na jirani, na yule chura, na zaidi ya wote na mwanamke aliyesimama pale ukumbini akijisifia maji ya mbinguni.

Athol amerudi na kalamu ya wino mzito. Amechuchumaa mbele ya utepe. Anauliza chini aandike jina la nani. Nimejifanya sijasikia. Ameuliza tena, taratibu, bila kunitazama, na kalamu ameshaifungua. Nimemwambia asubiri kwanza nimalize sentensi hii, nayo nairefusha kadiri niwezavyo, kwa sababu