Kengele Aliyoikata Baba Neema

Rau, Moshi
Jumatano

Mama mpendwa,

Shikamoo. Vipi baridi ya Singida, na lile goti lako linaendeleaje? Mjukuu wako Neema ameota meno mawili, anatung'ata wote. Lakini Mama, leo sikuandikii kwa furaha. Ni habari za mwanao, mume wangu.

Tangu tela la miwa limpindukie, unajua kuanzia kiunoni hasikii kitu, hata umchome moto. Hospitalini fundi mmoja Mzungu alimtengenezea mto wa kukalia, una nyaya na kengele ndogo. Akikandamiza upande mmoja muda mrefu inalia, naye anajiinua kwa mikono mpaka inyamaze. Kengele hiyo ndiyo ngozi yake. Kwa mto huo amejifunza kukimbiza kiti cha magurudumu barabara ya Mabogini, hadi watu wa mpunga wanaacha majembe kumshangilia. Jumamosi anashindana Arusha, na akishinda atapelekwa Ulaya.

Basi si amekata waya! Wiki iliyopita niliona mto uko kimya siku nzima, nikamuuliza. Akanijibu kwa ukali: "Kila nikijiinua wenzangu wananipita. Mama Neema, niache nishinde japo mara moja."

Nilipomgeuza nikakuta kidonda takoni, ukubwa wa shilingi. Nikataka kukimbilia hospitali, akanishika mkono. "Wakijua watanilaza kifudifudi miezi, na nafasi yangu apewe mwingine." Akaniapisha kwa jina la Mungu nisiseme mpaka Jumamosi. Na mimi mjinga nikaapa! Yeye anapiga mluzi tu, maana haumwi. Hicho ndicho kinachonitisha, Mama. Laiti angelia.

Leo asubuhi nilikuwa namwosha. Kidonda kimeingia ndani na kinanuka. Katikati nikaona kitu cheupe, nikadhani usaha, nikafuta kwa pamba. Hakikutoka. Nikafuta tena. Mama, ni mfupa. Naye wakati huo ananiuliza kama nimeshapiga pasi fulana yake ya mbio.

Nisalimie Baba, wifi yangu mwalimu, na shangazi muuza asali. Waambie wamwombee. Barua hii itakufikia Jumamosi imeshapita, kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nimeshavaa viatu, napitia posta, kisha naenda kumwambia daktari. Mwanao akinifukuza, nipokee na mtoto.

Mkweo,
Mama Neema