Mgonjwa Anayetembea

Mururu, Jumapili asubuhi

Maman mpenzi,

Nakusalimu wewe na Bibi. Natumaini risasi zimepungua huko Uvira na mnalala ndani ya nyumba. Barua hii nampa mama mmoja muuza vitenge anayevukia mpaka wa Ruhwa na kupitia Burundi, kwa kuwa barabara ya Kamanyola haipitiki. Mimi ni mzima, bado nafundisha. Papa si mzima, na safari hii sitakuandikia kwa upole.

Unakumbuka daktari alivyosema alipoanza kumdunga sindano za kansa ya prostate, ile tezi ya kiume. Zinazuia ugonjwa lakini zinamaliza misuli na kudhoofisha mifupa, kwa hiyo atembee kila siku, asibebe kitu kizito. Papa alitii. Kila asubuhi alipanda hadi shuleni kwetu na kuteremka, amelowa jasho la zile sindano, na alirudi na njaa. "Mwalimu, mwanafunzi wako amefika," alinitania. Tangu tuhamie huku sikuwa nimemwona hivyo.

Lakini hapa Rwanda, kilimani, mtu hapiti njiani bila kuulizwa anakwenda wapi. Papa hakuwa na jibu, maana wewe uliandika ugonjwa huo usitajwe, watu watasema si mwanaume tena. Nikakubali. Tukasema ni tumbo.

Kila nyumba hapa hutoa mwanaume wa kubeba ingobyi, kile kitanda cha kusukwa cha kupelekea wagonjwa hospitali, kama tipoyi ya kwetu. Papa walimsamehe kwa ajili ya tumbo. Juma lililopita mke wa jirani alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na wabebaji wakakutana na Papa akiteremka.

"Mzee, mugonjwa gani anapanda mulima kila asubui?"

"Ni tumbo, batoto."

"Tumbo haibebe ingobyi. Bega ndiyo inabeba. Ao hauko tena mwanaume?"

Wakacheka. Papa akaweka bega. Kwenye mteremko wenye matope aliteleza, na mfupa wa nyonga ukavunjika. Wengine waliendelea na yule mama, amejifungua salama. Sijaenda kumpongeza.

Nilimuuliza Papa kwa nini alikubali. "Baliniita mbele ya bantu," akasema. "Ningejibu nini?"

Sasa amelala, na miguu yake inakonda nikitazama. Majirani wanajaa nyumbani. Wanaleta maharagwe, wanasali, wanamwambia, "Pole, Mzee, sasa tunaona uko mugonjwa kweli." Nawapa viti. Moyoni siwapi kitu.

Jana mkubwa wa wabebaji alipokuja, niliutaja ugonjwa wa Papa kwa jina lake, mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Papa aligeukia ukutani, na mpaka sasa hajasema nami neno. Daktari anasema mfupa ukiunga lazima aanze tena kutembea, la sivyo hatainuka kamwe. Mimi siwezi kumwinua, Maman. Aibu yake si kwa majirani, ni kwako. Njoo, au umwandikie kwa mkono wako kwamba bado ni mume wako, ukijua yote.

Nisalimie Bibi, mjomba fundi wa baiskeli, na mama mdogo anayeuza samaki wadogo wa ndagala. Wakiuliza Papa anaumwa nini, usiwaambie ni tumbo.

Binti yako anayekungoja,
Perpétue